Kuhama Laptopu: Kinachonakiliwa, Kinachosakinishwa na Kinachosahaulika

Kila laptopu iliyotumika miaka kadhaa huwa imebeba mizigo ya aina tatu, na kila mzigo una njia yake ya kuhama. Wa kwanza ni mafaili: barua, picha, hesabu za duka, tasnifu, nyimbo. Wa pili ni mipangilio, yaani yale yote ambayo mashine imeyazoea kutoka kwa mwenyewe: nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kurasa zilizoalamishwa, akaunti za barua pepe, printa ya ofisini, mitandao ya Wi-Fi inayofunguka bila kuuliza. Wa tatu ni programu zenyewe. Mafaili hunakiliwa, mipangilio husawazishwa au hutolewa kwenye programu moja baada ya nyingine, na programu husakinishwa upya. Anayeichukulia mizigo hiyo kuwa mmoja hukokota folda mbili zinazoonekana hadi kwenye flashi, akaiuza mashine ya zamani wiki hiyohiyo, kisha akagundua mwezi wa pili kwamba nusu ya kazi yake ilibaki mahali ambapo hakuwahi kupafungua.

Kwa wengi uhamaji huu umekuwa wa lazima tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Laptopu haizimiki kwa sababu hiyo, lakini haipati tena viraka vya usalama isipokuwa mwenyewe amejiandikisha katika mpango wa nyongeza. Windows 11 nayo hudai chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0 na prosesa isiyo ya kale sana. Kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichoanza kutoka mwaka 2017. Kwa hiyo anayetafuta laptopu ya mtumba Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi ana sababu ya kuuliza kizazi cha prosesa kabla ya kuuliza bei, la sivyo atahama kutoka nyumba inayovuja kwenda nyingine inayovuja.

Kazi huanzia kwenye mashine ya zamani, kabla ile mpya haijaguswa. Katika Windows kila mtumiaji ana folda yake ndani ya folda iitwayo Users kwenye diski C, na humo ndimo zilimo Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music na Videos. Kuinakili folda ya mtumiaji yote ni salama kuliko kuchaguachagua, kwa sababu anayechagua huchagua anachokikumbuka. Laptopu inayotumiwa na mume na mke kwa majina mawili ina folda mbili. Downloads hudharauliwa kama jaa, ilhali ndiko zinakoishia risiti za kodi, tiketi, barua za ajira na viambatisho ambavyo mwenyewe hakuwahi kuvihamisha. Tena mafundi wengi wakipiga Windows huigawa diski mara mbili, na ile D hujaa mafaili ambayo hayamo kabisa kwenye folda ya mtumiaji.

Mtego mwingine hapohapo ni OneDrive. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni huanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, na Windows huweza kuzihamishia Desktop, Documents na Pictures ndani ya folda ya OneDrive bila mwenyewe kulitilia maanani. Faili lenye alama ya wingu dogo pembeni halipo kwenye diski; kilichopo ni jina lake tu, na lenyewe liko kwenye seva. Kulinakili kwenye flashi ni kuliteremsha kwanza, tena kwa bando la mwenyewe. Upande wa pili wa mtego huo ni mbaya zaidi: nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5, na ikishajaa, mafaili mapya hubaki kwenye laptopu peke yake huku mwenyewe akiamini kwamba yamepanda. Kabla ya kuitegemea hifadhi ya namna hiyo, inafaa kuifungua kupitia kivinjari kwenye mashine nyingine na kuona kilichomo kwa macho.

Ndani ya folda ya mtumiaji kuna chumba kisichoonekana mpaka mtu aiamuru Windows ionyeshe vilivyofichwa. Kinaitwa AppData, na ndimo programu zinamoweka kumbukumbu zao. Mwandishi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kukijali. Word isiyokijua Kiswahili hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno, na watu wengi wamekaa miaka wakiifundisha, neno baada ya neno, jina la kijiji baada ya jina la ukoo. Mafunzo hayo yote yamo katika faili dogo la matini liitwalo CUSTOM.DIC, ambalo hufikiwa kwa kupita AppData, Roaming, Microsoft, kisha UProof. Ukubwa wake ni kilobaiti chache, lingeweza kutumwa hata kwa barua pepe, na pengine hakuna faili jingine linalosahaulika kama hilo. Jirani yake, katika folda ya Templates, limo Normal.dotm, linalotunza fonti na nafasi za mistari ambazo Word huanza nazo kila hati mpya. Fonti zenyewe hukaa kwingine, mara nyingi ndani ya folda ya Windows, na kitabu kilichopangwa kwa fonti ya kununua kitafunguka kimevurugika kurasa zote kama fonti hiyo haikusafiri nacho.

Hata hivyo AppData si ya kumwagwa nzima kwenye laptopu mpya. Imejaa takataka za muda na kumbukumbu zinazoweza kugongana na za programu zilizosakinishwa upya. Njia ya busara ni kuinakili yote kwenye diski ya nje ikae kama akiba, kisha kuokota humo kile tu kinachohitajika, siku kinapohitajika.

Kivinjari ndicho siku hizi kinachobeba mipangilio yenye thamani kubwa kuliko yote. Anayeingia kwenye Chrome, Edge au Firefox kwa akaunti na kuwasha usawazishaji atazikuta alamisho na nywila zake kwenye mashine mpya baada ya dakika chache, bila flashi wala waya. Asiyependa kuiachia kampuni nywila zake anaweza kuzitoa kama faili la CSV, na alamisho kama faili la HTML. Lakini faili hilo la CSV halina kufuli lolote. Likifunguliwa kwa Excel huonyesha kila tovuti, kila jina la mtumiaji na kila nywila kwa maandishi ya kawaida. Likishaingizwa upande wa pili hufutwa papo hapo, na pipa la taka nalo humwagwa. Kulituma kwa WhatsApp ili lifike haraka ni kuutundika ufunguo mlangoni. Wapo wanaojaribu kunakili folda ya Chrome kwa mkono. Alamisho hufika, nywila hazifunguki, kwa kuwa Chrome huzisimba kwa ufunguo uliofungamana na akaunti ya Windows ya mashine ya zamani. Firefox ni tofauti: folda yake ya wasifu ikinakiliwa nzima, kivinjari kikiwa kimefungwa, huenda na karibu kila kitu, nywila zikiwamo.

Barua pepe zinategemea jinsi zinavyopokelewa. Mtu anayesoma Gmail kwenye kivinjari hana cha kuhamisha. Anayetumia Outlook au Thunderbird kwa utaratibu wa IMAP naye hana wasiwasi mkubwa, maana barua ziko kwenye seva na laptopu ina nakala tu. Tatizo ni utaratibu wa kale wa POP, ambao bado uko katika ofisi nyingi ndogo zenye anwani za jina la kampuni. POP huteremsha barua, na mara nyingi huzifuta kwenye seva baada ya hapo. Barua za miaka 10 za ofisi ya namna hiyo zinaweza kuwa zimo katika faili moja tu lenye mkia wa PST, ndani ya Documents au AppData. Faili lenye mkia wa OST si la kuhangaikia. Hujijenga upya akaunti inapounganishwa. WhatsApp ya kwenye kompyuta haihamishwi hata kidogo: husakinishwa, ikasoma msimbo kutoka kwenye simu, na historia hufuata. Simu moja huruhusu vifaa 4 vilivyounganishwa, kwa hiyo laptopu ya zamani huondolewa kwenye orodha.

Programu haihami kwa kunakiliwa. Inaposakinishwa kwenye Windows hujitawanya: sehemu yake huenda Program Files, sehemu nyingine AppData, na taarifa zake nyingi huandikwa katika rejista, daftari la ndani ambalo Windows imelifanya kiini cha mipangilio yake tangu Windows 95. Kubeba folda ya Program Files peke yake ni kubeba jiko la gesi na kuuacha mtungi. Kulikuwa na wakati Windows yenyewe ilisaidia katika uhamaji. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na chombo cha kuhamishia mafaili na mipangilio, na Windows 7 ilikuwa na Windows Easy Transfer, lakini chombo hicho kiliondolewa katika Windows 10. Kilichopo sasa ni Windows Backup, inayohifadhi mipangilio kwenye akaunti ya Microsoft na kuirudisha wakati laptopu mpya inapoanzishwa kwa mara ya kwanza kwa akaunti ileile. Inafaa kwa picha ya ukuta, nywila za Wi-Fi na mambo ya aina hiyo. Programu nyingi zilizotoka nje ya duka la Microsoft bado husakinishwa kwa mkono, kwa hiyo orodha iliyoandikwa mapema kutoka kwenye mashine ya zamani huokoa siku nzima ya kukumbukakumbuka.

Pamoja na orodha hiyo huenda leseni. Windows iliyokuja na laptopu kutoka kiwandani imefungwa kwenye mashine ile na haihami. Laptopu mpya ina ya kwake. Microsoft 365 hufuata akaunti, hivyo kuingia tu kunatosha. Programu za Adobe Creative Cloud huruhusu mtu awe ameingia kwenye mashine mbili tu, na aliyekwisha kuzijaza inambidi atoke kwenye ile ya zamani kwanza. Hapa ndipo ukweli wa laptopu nyingi hujitokeza: Office iliyowekwa na fundi kwa bei ya chai haina akaunti wala ufunguo, na hakuna cha kuhamisha. Hati zake, hata hivyo, ni mali ya mwenyewe, na LibreOffice isiyo na gharama huzifungua nyingi bila shida.

Programu za hesabu zinastahili uangalifu kuliko zote, kwa kuwa faili moja hubeba biashara nzima. Tally na QuickBooks zina amri zao wenyewe za kutengeneza nakala rudufu na za kuirudisha, na hizo ndizo za kutumia badala ya kunakili folda wakati programu imefunguliwa na mtu anaandika ankara. Toleo la upande wa pili liwe lilelile au jipya zaidi. Faili la QuickBooks likishapandishwa kwenye toleo jipya halifunguki tena kwenye la zamani, na mhasibu anayetaka kuendelea kutumia mashine zote mbili kwa wiki moja atalijua hilo kwa uchungu.

Baada ya kujua cha kubeba, linabaki suala la chombo. Chukua mzigo wa GB 100. Kwa tundu la USB 2.0, ambalo katika matumizi ya kawaida hupitisha kama megabaiti 30 kwa sekunde, mzigo huo huchukua karibu saa nzima. Kwa USB 3.0 na diski ya nje ya SSD unaweza kumalizika kwa chini ya dakika 10. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa 44 za kupandisha tu, mbali na kuteremsha na mbali na bando. Google Drive hutoa bure GB 15, iCloud GB 5, Dropbox GB 2. Hifadhi ya mtandaoni ni nzuri kwa hati na picha chache. Kwa mizigo mizito diski ya nje bado haijapata mshindani. Muda huo huongezeka mafaili yakiwa madogomadogo, maana picha elfu 20 husafiri polepole kuliko video moja yenye ukubwa uleule.

Diski yenyewe ina lugha yake. Flashi nyingi huuzwa zikiwa zimefomatiwa kwa FAT32, mfumo usioweza kupokea faili linalofika GB 4. Video ya harusi hukataliwa, na Windows husema faili ni kubwa mno ingawa flashi ina nafasi tele. Suluhisho ni kuifomati flashi kwa exFAT, jambo ambalo hufuta kila kilichomo, basi hufanywa ikiwa tupu. NTFS nayo inafaa kati ya Windows na Windows, lakini Mac huisoma bila kuweza kuiandika.

Yaliyomo hunakiliwa, hayakatwi. Amri ya kukata huliondoa faili upande mmoja linapofika upande wa pili, na umeme ukikatika katikati, au salio la umeme (LUKU) likiisha, au mtoto akichomoa waya, hakuna anayejua kwa hakika kilicho wapi. Kwa kunakili, asili hubaki salama na kazi hurudiwa. Laptopu zote mbili huchomekwa kwenye chaji, na mpangilio wa kulala baada ya dakika kadhaa huzimwa. Kwa mizigo mikubwa Windows ina amri iitwayo robocopy, iliyomo ndani yake tangu Vista, ambayo ikikatizwa huyaruka yaliyokwisha kufika na kuendelea na yaliyobaki. Haina sura ya kupendeza, huandikwa kwenye dirisha jeusi, lakini haichoki. Mafaili machache huenda yakagoma kwa sababu njia yake ni ndefu mno: folda ndani ya folda ndani ya folda, mpaka herufi zikapita 260, kikomo ambacho programu nyingi za Windows bado hukiheshimu. Kufupisha majina ya folda za juu hutosha.

Flashi ya kuazima huja na mambo yake. Vipo virusi ambavyo huficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato mahali pake, na aliyebonyeza njia ya mkato hukibeba kirusi hadi kwenye mashine mpya. Mzigo hukaguliwa kwa Microsoft Defender kabla ya kufunguliwa. Mafaili yanayodhaniwa yamepotea mara nyingi yapo palepale, yamefichwa tu.

Upande wa Apple mambo ni mepesi. Migration Assistant huhamisha mafaili, mipangilio, akaunti na hata programu kutoka Mac kwenda Mac, kwa Wi-Fi, kwa waya au kutoka kwenye nakala ya Time Machine. Ipo pia ya kusakinishwa kwenye Windows kwa anayehamia Mac, ingawa programu za Windows haziwezi kuja nayo.

Wakati mwingine laptopu ya zamani haiwaki kabisa. Kufa kwa mashine si kufa kwa diski. Ikiwa kilichoharibika ni kioo, chaji au ubao mama, fundi huichomoa diski na kuiweka katika kasha lenye waya wa USB, na laptopu mpya huisoma kama flashi kubwa. Kasha la diski za SATA za inchi 2.5 si lile la diski nyembamba za M.2, hivyo diski hutazamwa kabla ya kasha kununuliwa. Na baadhi ya laptopu nyembamba, MacBook za karibuni zikiwamo, zimeunganisha hifadhi na ubao mama, kwa hiyo hakuna cha kuchomoa. Windows inaweza kugoma kuifungua folda ya mtumiaji ikidai ruhusa, ambayo msimamizi wa mashine hujipatia mwenyewe. Kizuizi kisichobembelezwa ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe mara zinapoanzishwa kwa akaunti ya Microsoft, na diski hiyo ikihamishwa huomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hutunzwa kwenye akaunti hiyohiyo na huonekana kwa kuingia kwenye tovuti ya Microsoft. Asiyekumbuka akaunti aliyoanzia, au aliyeanzishiwa laptopu na muuzaji kwa akaunti ya muuzaji, hana njia ya mkato. Kuuandika ufunguo kwenye karatasi wakati mashine bado nzima ni kazi ya dakika 5.

Uhakiki hufanywa kwa hesabu na kwa macho. Idadi ya mafaili na ukubwa wa folda hulinganishwa pande zote mbili, kisha hufunguliwa hati kadhaa za zamani na za karibuni, video moja, faili la hesabu. Baada ya hapo mashine ya zamani huwekwa kando kwa mwezi mmoja hivi bila kuguswa. Ni katika mwezi huo wa kazi za kawaida, mishahara ikilipwa na ripoti zikitumwa, ndipo kilichosahaulika hujitokeza.

Ikishajulikana kwamba hakuna kinachodaiwa, hufuata ufutaji. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, kwa sababu kwenye diski ya kawaida yaliyomo hubaki mpaka yaandikwe juu yake, na programu za kufufua mafaili zinapatikana bure. Amri ya kuirejesha Windows katika hali ya mwanzo ina chaguo la kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Huchukua saa kadhaa, na ndiyo ya kuchagua kwa mashine inayouzwa. Kwa ofisi, jambo hili ni la kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na rekodi za wagonjwa au wateja zilizobaki kwenye laptopu iliyouzwa bado ni dhima ya ofisi iliyozikusanya. Kabla ya kubonyeza amri hiyo, mwenyewe hutoka kwenye akaunti zake zote, huiondoa mashine kwenye orodha ya vifaa vya Microsoft au vya Apple, na huzima ufuatiliaji wa kifaa kilichopotea. MacBook iliyouzwa bila kuzimwa huduma hiyo humwomba mnunuzi nywila ya mmiliki wa kwanza, na simu ya malalamiko hupigwa jioni hiyohiyo.